Nyumbani Hakuna Aliyeniuliza Habari za Mbu wa Mchana

Nilikuwa najiandaa kurudi Mwanza likizo, safari ikipitia Entebbe, na kwa kuwa kadi yangu ya zamani ya homa ya manjano ilipotea katika kuhamahama, nilikwenda kwenye kliniki ya wasafiri hapa ninapoishi Uingereza nikidhani nitachomwa sindano na kuondoka. Muuguzi, binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, alifungua kompyuta yake, akanitazama usoni, akaniuliza kama mimi na mume wangu tunatarajia kupata mtoto siku za karibuni. Niliudhika. Kwetu swali la namna hiyo huulizwa na mama mkwe, naye huzunguka mbuyu kwanza.

Akaniambia kwamba Uganda imo katika nchi zenye virusi vya Zika, ambavyo huenezwa na mbu na huweza kumdhuru mtoto tumboni, na kwamba nikisafiri peke yangu ni vyema tusitafute mimba kwa miezi miwili baada ya kurudi. Mume wangu akifuatana nami iwe miezi mitatu, kwa sababu virusi hivyo hukaa katika shahawa muda mrefu kuliko vinavyokaa katika damu. Akaongeza kwamba mbu anayevieneza huuma mchana, hivyo chandarua pekee hakitanitosha. Maneno hayo yalimchukua dakika nne, na katika mji ule hakuna mbu huyo hata mmoja.

Nilizaliwa Igoma. Nimebeba mimba yangu ya kwanza Mwanza, nimehudhuria kliniki kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, nimepewa chandarua, nimemeza vidonge vya kuzuia malaria mbele ya nesi, wala sikuwahi kusikia kutoka kwa mtu yeyote kwamba mbu anaweza kumfikia mtoto tumboni kwa njia nyingine isiyo malaria. Hasira yangu kwa yule binti ilikwisha kabla sijafika kituo cha basi, ikahamia kwingine.

Siku ya tatu baada ya kufika nyumbani, wifi yangu wa Buzuruga, mwenye mimba ya miezi mitano, aliamka na homa, viungo vinamuuma hata kikombe hawezi kukishika, na vipele vidogo vimemtapakaa kifuani. Tulikwenda kwenye zahanati ambayo sitaitaja. Kipimo cha malaria kilionyesha hakuna mdudu. Mkojo ukapimwa, damu ikapimwa tena, tukaambiwa ana U.T.I. na taifodi kidogo. Hiyo "kidogo" mnaifahamu. Tukatoka na dawa za aina tatu katika mfuko wa kaki. Sisemi kwamba wifi yangu alikuwa na Zika wala chikungunya, homa nyingine ya mbu huyo. Ninachosema ni kwamba hatutajua kamwe, si yeye, si daktari wake, wala mtu yeyote anayekaa maabara akijiuliza chanjo yake akaijaribie wapi.

Jioni nilikwenda nyuma ya nyumba yao. Pale pana pipa la bluu la kuhifadhia maji ya mgao, limefunikwa nusu kwa kipande cha bati. Viluwiluwi vilikuwa vimening'inia vichwa chini, mikia ikigusa uso wa maji. Nilipoligonga pipa kwa kidole vyote vilizama vikijipindapinda, kisha kimoja kimoja vikarudi juu. Ndani, chumbani, chandarua kipya kilikuwa kimefungwa vizuri juu ya kitanda, kikisubiri usiku.

Linaloniuma zaidi ni kwamba maradhi haya ni ya kwetu kwa jina na kwa kuzaliwa. Zika ni msitu ulio karibu na Entebbe, ufukweni mwa ziwa hili hili tunalonywea maji na kuvulia sato, na virusi hivyo viligunduliwa humo mwaka 1947 katika damu ya tumbili aliyewekwa juu ya mti kutegea homa ya manjano. Mwaka uliofuata vikapatikana katika mbu. Chikungunya ni neno la Kimakonde la mtu aliyejikunja kwa maumivu, na ugonjwa wenyewe ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa 1952 na 1953. Homa ya Bonde la Ufa, nayo huenezwa na mbu, ilitambuliwa kwa kondoo wa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Dunia nzima inayataja majina yetu. Ilipofika zamu ya Brazil kupata Zika mwaka 2015, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo, Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 1 Februari 2016, na fedha za kutafuta chanjo zikamiminika. Kwetu, Desemba ya mwaka huo huo, Dkt. Mwele Malecela, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, aliwaambia waandishi wa habari kwamba dalili za virusi hivyo zimeonekana katika sampuli za Watanzania. Wizara ikasema hakuna mlipuko. Mnakumbuka kwamba aliondolewa kwenye kiti chake, na baadaye Shirika la Afya Duniani huko Geneva lilimpa idara nzima ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele aiongoze hadi alipofariki mwaka 2022. Sitasema zaidi, ila tangu siku ile nani angethubutu tena kumuuliza mjamzito wa Buzuruga habari za mbu wa mchana?

Sasa nayasikia yatakayosemwa. Amekula mkate wa wazungu miaka minane, leo mbu wa kwao wanamtisha. Ndugu yangu, mbu hao wameninyonya damu kabla hujanifahamu, na muuguzi huyo wa Uingereza ninayemsifu anafanya kazi katika nchi ambayo mimi mwenyewe nimesubiri miezi saba kumwona daktari wa mgongo. Sijapageuza mahali pale kuwa pepo. Nimelinganisha swali moja tu.

Mwingine atasema malaria inaua zaidi, na fedha hazitoshi. Ni kweli inaua zaidi, na chandarua kile kimeokoa watoto wengi kuliko maandishi yangu yatakavyookoa. Lakini kipimo kikisema si malaria, kazi ya kutafuta inapaswa kuanzia hapo, nasi ndipo tunapoimalizia. Jambo hili si dogo kwa watengenezaji wa chanjo. Chanjo kadhaa za Zika zilifika kwenye majaribio ya binadamu, mlipuko wa Amerika ukapoa mwaka 2017, na majaribio ya mwisho, yale ya kuthibitisha kwamba aliyechanjwa haugui, yakakosa pa kufanyika, kwa sababu yanahitaji mahali ambapo watu wanaambukizwa na mtu anahesabu. Hadi leo hakuna chanjo ya Zika iliyoidhinishwa. Ile ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani Novemba 2023 kwa watu wazima, na wasafiri ndio waliofikiriwa mwanzo. Nasi tulioupa ugonjwa jina bado tunaandikiwa taifodi kidogo.

Kisha yupo yule wa kijiweni, naye ndiye ninayemwogopa zaidi: hizo chanjo ni mpango wa kutufunga vizazi. Huyu simcheki, maana wasiwasi wake una mzizi ambao mfugaji yeyote wa Magu anaujua. Homa ya Bonde la Ufa ikiingia zizini, mbuzi na kondoo hutupa mimba karibu wote, na chanjo ya mifugo ya zamani, iitwayo Smithburn, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, nayo yenyewe inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba atupe. Mjomba wangu anasema hivyo bila kusoma kitabu. Lakini mjomba anajua pia kwamba ng'ombe wake hutupa mimba hata pasipo chanjo yoyote. Huko Sudan watafiti waliwafuatilia wajawazito wenye homa, wakachapisha matokeo mwaka 2016: kati ya 28 walioambukizwa virusi vya Bonde la Ufa, 15 mimba zao ziliharibika. Anayefunga vizazi ameshafika, ana mabawa.

Kwa hofu hiyo hiyo ya mimba, baadhi ya watafiti wa sasa wameacha virusi hai vya ugonjwa wenyewe na kutafuta njia nyingine. Chanjo ya Bonde la Ufa iliyobuniwa Oxford, ambayo Mkenya George Warimwe ameifanyia kazi kwa miaka mingi, hutumia virusi vya mafua ya sokwe vilivyofanywa visiweze kuzaliana, vikabebeshwa kipande tu cha virusi vya ugonjwa; ilijaribiwa kwa watu wachache Uingereza kwanza, kisha ikaletwa Afrika Mashariki. Kwa Zika njia inayoonekana ya busara ni ile ya rubela, ugonjwa mwingine unaomdhuru mtoto tumboni: kumchanja msichana kabla hajafikia kubeba mimba, ili siku hiyo ikifika mwili wake uwe tayari, na mtoto asitumike kama uwanja wa majaribio.

Tusiambiwe basi kwamba hatuwezi. Wasichana 930 wa Mwanza, wa miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti wa kuona kama dozi moja ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inatosha badala ya mbili au tatu. Damu yao ilionyesha inatosha, na ushahidi wao ni miongoni mwa uliotumika duniani kuruhusu dozi moja. Watoto wa huku wa Uingereza leo wanachomwa sindano moja badala ya mbili, na mama zao hawajawahi kusikia jina la Nyamagana. Nililiweka hilo mezani kazini kwangu wakati wa chai, kwa majivuno nisiyoyaficha, na mwenzangu mmoja akaniuliza kama Mwanza ni kisiwa.

Kwa hiyo uwezo upo, wataalamu wapo, mabinti waliokubali kutoa mkono wapo. Kinachokosekana ni sentensi moja kwenye kliniki ya wajawazito, na kipimo kimoja nyuma ya ile sentensi, na daftari la kuandika jibu.

Wifi yangu alijifungua salama mtoto wa kiume mwezi Julai. Nilimpigia simu, tukacheka, nikamsikia mtoto akilia kwa nguvu, na baada ya pongezi zote nikashindwa kujizuia, nikamwuliza kama walimpima mzunguko wa kichwa.

"Walimpima uzito, wifi, kilo tatu na nusu," akanijibu. "Kichwa kwani kina nini?"