Tano juu ya Tano

Juzi binti wa dada yangu alinionyesha mtihani wake. "Taja sifa tano za fikra tunduizi," yaani kufikiri kwa kuhoji na kuchambua kabla ya kukubali jambo. Amepata tano juu ya tano. Nikamuuliza kwa nini ziwe tano, zisiwe sita. Akanitazama kama niliyemtukana. "Ndivyo ilivyoandikwa ubaoni, mjomba."

Iliniuma. Sawa, kukariri kuna kazi yake, huwezi kuchambua usichokijua. Lakini kuuliza "una uhakika gani?" hakukaririwi.

Na hata sisi tunaojiona wadadisi, udadisi wetu mwingi unawaelekea wengine, si imani zetu wenyewe. Hapo ndipo ninapogombana na watu. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Mwingereza, Peter Wason, aliwapa watu namba 2, 4, 6 na kuwaambia kuna kanuni inayozipanga. Wabuni namba nyingine tatu tatu, naye atawajibu kama zinaifuata. Wengi walishika moja kwa moja kwamba ni kuongeza mbili. Wakajaribu 8, 10, 12. Ndiyo. Wakajaribu 20, 22, 24. Ndiyo. Wakatangaza kanuni kwa kujiamini, wakakosa. Kanuni ilikuwa namba zipande tu, basi. Angetaja mtu 1, 2, 3 angeshtuka pale pale, ila nani anataja namba anazoamini zitakataliwa?

Mimi nimeishi hivyo. Kuna mwenzangu kazini niliyeamini ni mchelewaji. Kila alipochelewa niliweka moyoni, na ushahidi ukajaa. Siku moja nikaamua kuandika siku zote, za kuchelewa na za kuwahi, mwezi mzima. Alikuwa akiwahi kuliko mimi. Miezi yote ile nilimhukumu mtu kwa hesabu ya upande mmoja, na nilikuwa nikijiita mchambuzi! Nilimwomba radhi, ingawa hakuwa akijua kosa langu.

Basi nikamchezesha binti mchezo ule wa namba. 4, 6, 8? Ndiyo. 10, 12, 14? Ndiyo. Akataka kutangaza. Nikamwambia, kabla hujatangaza, nipe namba unazodhani nitazikataa. Akasita sana. Darasani jibu la "hapana" ni alama iliyopotea.

"1, 2, 3," akasema mwisho.

"Ndiyo."

Akanyamaza, uso umebadilika. Kisha akavuta karatasi. "Ngoja, mjomba. Usiniambie. 3, 2, 1?"

"Hapana."

Akacheka kwa furaha.