Friji la zamani halifi, linahama

Juzi kuna mtaalamu alikuwa redioni, sauti imetulia kabisa, anatuhimiza tuachane na vifaa chakavu tununue vipya ili tubane matumizi ya umeme. Ahsante, baba. Hela unatuma kwa simu au tuje kuchukua?

Balbu tulishamalizana nazo, siku hizi nani anawasha ya wati 60 wakati ya LED ya wati 9 inamtosha? Pasi na hita hata zikiwa mpya za kung'aa zitakula tu. Kesi ni friji.

Jirani yangu hapa Mbagala analo la mtumba kutoka Ulaya, anauzia maji baridi na barafu za ubuyu. Mpira wa mlango umekauka unapukutika, kwa hiyo mlango unafungwa kwa tyubu ya baiskeli, na chini kuna dekio la kunywa maji. Linaunguruma kutwa kucha. Friji la hali hiyo linaweza kumeza uniti tatu kwa siku. Piga hesabu: 90 kwa mwezi. Na wateja wa umeme wa matumizi madogo, wale wa bei ya shilingi 100 kwa uniti, wanatakiwa wasivuke 75 kwa mwezi! Yaani friji peke yake limeshamvusha, feni hajawasha. Jipya la ukubwa huo linaweza kula chini ya uniti moja kwa siku. Haya, mtaalamu hesabu zake ziko sawa, nakubali shingo upande.

Ila hakusema la zamani liende wapi. Mzungu aliyelitoa kwake alijipongeza kwa kuokoa umeme, likapakiwa kontena, sasa bili yake analipa muuza barafu wa Mbagala. Naye akipata jipya, hili atamuuzia mtu wa Chanika. Hapo nchi imeokoa nini?

Ghana walilikamata suala hili pazuri. Mwaka 2012 walianza mpango wa kupeleka friji kuukuu upewe punguzo la kununua jipya, na makuukuu yakafumuliwa. Mwaka 2013 wakafunga mlango kwa friji za mtumba kutoka nje. Najua wauzaji wetu watapiga kelele, na wana hoja: wengi wetu bila mtumba tungekunywa maji ya mtungi. Ndiyo maana punguzo litangulie, marufuku ifuate.

Halafu, kuna anayejua mpira wa mlango wa friji la Kijerumani unapatikana duka gani Kariakoo? Fundi wa mtaani anataka kutuwekea wa mlango wa gari.