Utafiti wa vyuo vya biashara: tuanze na mahindi ya Tunduma

Kuna makala inayodai kuwa utafiti wa biashara wa vyuo vyetu hapa Mbeya na Iringa hauisaidii Serikali wala mfanyabiashara. Inategemea swali lililoulizwa. Juni 2017 Serikali ilizuia kupeleka nje mahindi ya nafaka, ikahimiza kuuza unga. Kwa mwenye mashine ya kusaga Mbozi au Makambako huo haukuwa uamuzi wa siasa tu, ulikuwa swali la mkakati: anunue mashine ya kukoboa, akodi ghala, au abaki dalali?

Mtafiti makini huchukua bei ya shambani ya kila wiki, kabla na baada ya katazo, katika wilaya zinazouza mpakani Tunduma, kuelekea Zambia, kisha hulinganisha mabadiliko yake na ya wilaya zinazouza Dar es Salaam. Tofauti ya mabadiliko hayo ndiyo athari ya sera. Sharti: kabla ya katazo bei za pande zote mbili ziwe zinapanda na kushuka kwa pamoja.

Wengi hukosea hapa: wanalinganisha bei ya Julai, ghala zimejaa, na ya Januari, halafu lawama yote inapewa sera. Na lumbesa je, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo? Gunia la kilo 130 likiandikwa kilo 100, bei kwa kilo inapotea kabisa. Pimeni kwa mizani, jamani.

Hata ushuru wa mazao, ulioshushwa 2017 hadi asilimia 2 kwa mazao ya chakula, kwa kiwango hicho ni shilingi 1,200 kwa gunia la shilingi 60,000. Kwa msagishaji wa magunia 500 hiyo ni 600,000, na lazima aiingize kwenye hesabu kabla ya kuamua kununua.