Eti Gemu Si Sanaa
Inanikera mno mtu ambaye hajawahi kucheza hata gemu moja ya video hadi mwisho anapotangaza kwamba gemu si sanaa. Jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la MoMA, New York, lilianza kuzikusanya mwaka 2012, Pac-Man na Tetris zikiwamo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa zinalindwa kikatiba sawa na vitabu, tamthilia na filamu. Bado utaambiwa eti mchezaji ndiye anayeamua, kwa hiyo msanii hayupo! Nani basi aliyechora ule ukungu bondeni, akatunga muziki unaonyamaza ghafla adui anapokaribia? Hata njia unayojichagulia, kuna mtu aliumiza kichwa kuibuni. Chezeni kwanza, ndipo mhukumu.