Siku Presha Kuka Ilipopiga na Radiohead

Tulikuwa wanne kwenye nyumba ya kupanga huko Cowley, Oxford: mimi wa Tanga, jamaa wa Kisumu, Mghana mmoja mpole, na Mwingereza mzaliwa wa Abingdon. Abingdon ndiko waliposoma vijana walioanzisha bendi ya roki ya Radiohead, maili chache tu kutoka kwetu, basi yule bwana alijiona kama shemeji wa bendi.

Jumamosi moja akatukalisha sebuleni tusikilize Kid A, albamu yao ya mwaka 2000, kisha kila mtu atoe maoni. Mimi nikapitia jikoni kwanza. Nilikuwa nimeroweka maharage tangu jana yake. Nikayatia kwenye presha kuka, maji nikayapima kwa jicho, nikarudi kukaa na uso wa msomi.

Wimbo wa kwanza ni kinanda cha umeme na sauti ya mwimbaji wao, Thom Yorke, iliyokatwakatwa kama kitunguu cha kachumbari. Jamaa wa Kisumu akaninong'oneza, "Buda, hii ni redio haijashika stesheni." Ilipofika The National Anthem, besi ikanguruma, halafu matarumbeta yakaingia yote kwa mpigo kama matatu zinazogombea abiria. Hapo akatulia, kwamba angalau wamemkumbusha nyumbani. Mghana yeye kilio chake kilikuwa kimoja: albamu yao ya kabla, OK Computer ya 1997, ilijaa magitaa, sasa yameenda wapi?

Ikaja Treefingers, wimbo wa tano. Hauna mwimbaji wala ngoma, ni mvumo tu unaotambaa kama ukungu. Na ndani ya ukungu ule: tsss... tsss... tsss...

Mlio ule naujua, nimelelewa nao. Nikataka kuinuka, lakini Mwingereza alishainua kidole, macho kafumba.

"Mnasikia? Ondes Martenot! Chombo cha muziki cha Kifaransa cha mwaka 1928. Jonny Greenwood wa Radiohead huyo."

Jamani, mtu wa Abingdon akishakutajia na mwaka, wewe wa Tanga utasema ni maharage? Nikakaa. Ningekaa kimya pia ingekuwa afadhali, lakini mdomo ukanitoka: "Kweli. Kinaleta upweke fulani." Mghana akaongeza kuwa ni kama mtu anayehema usingizini. Jamaa wa Kisumu akanusa hewa, akaniambia kwa Kiswahili, "Upweke wenyewe unanukia maharage." Nikamfinya paja.

Baada ya nyimbo kama mbili ile tsss ikakoma. Nikashukuru, mjinga mimi, bila kujiuliza maji yameenda wapi.

Idioteque ikaanza: midundo ya mashine, kavu, ya haraka. Punde ikaongezeka pii-pii-pii kali, juu kabisa. Mghana akasimama kucheza, na nawaambia ilikuwa ndani ya mdundo. Mwingereza anatikisa kichwa tu. Ni mpaka moshi ulipoingia sebuleni na kupita mbele ya spika ndipo tulipotazamana.

Kilikuwa king'ora cha moshi. Jamaa wa Kisumu akapanda kiti akikipepea kwa jalada la albamu, lile lenye picha ya milima. Mimi nikakimbilia sufuria. Maharage yalikuwa yameganda chini kama lami ya barabara mpya. Usiku ule tulikula samaki na chipsi za dukani, kwa hela yangu.

Baadaye nikasoma Treefingers ilivyotengenezwa: ni gitaa la Ed O'Brien, mwanabendi mwingine, lililopitishwa kwenye kompyuta hadi likapoteza sura. Kwa hiyo gitaa alilolililia Mghana lilikuwa masikioni mwake muda wote, na ondes Martenot ya wimbo ule ilikuwa yangu, ya aluminiamu, lita tano.

Wiki iliyofuata Mwingereza akaurudia wimbo huo, safari hii jikoni kumezimwa kila kitu. Akasikiliza hadi mwisho, akakunja uso.

"Sijui kwa nini," akasema, "leo umepwaya."

Jamaa wa Kisumu akanigeukia. "Buda, kaweke maharage."