Kabla ya kuongeza RAM, tazama vifaa vya kuigwa

Seva moja ya kiwanda cha minofu ya sangara au ya duka la jumla hapa Mwanza inaweza kubeba mashine pepe (kompyuta za kuigwa ndani ya seva) tatu nne. Ikianza kuzubaa, fundi huambiwa aongeze RAM. Mimi nasema aanze na kadi ya mtandao ya kuigwa.

Mashine pepe inapogusa rejista (kisanduku kidogo cha amri na hali) ya e1000, kadi ya Intel inayoigwa, CPU hutoka ndani ya mashine hiyo na KVM, sehemu ya kerneli (kiini cha Linux) inayoendesha mashine pepe, hupokea ombi. Kisha hulikabidhi kwa QEMU, programu ya kawaida iliyo nje ya kerneli, nayo hushika kufuli lake kubwa kabla ya kugusa hali ya kadi. CPU pepe nne zikibisha hodi kwa pamoja, tatu husubiri.

Kupunguza safari hizo, KVM hulimbikiza maombi ya kuandika yasiyo na haraka kwenye foleni ya mviringo, ndani ya ukurasa mmoja wa kumbukumbu unaotumiwa na pande zote mbili. Ukurasa wa baiti 4096 unachukua rekodi 170 za baiti 24. Kerneli huandika rekodi ndipo isogeze alama ya mwisho. QEMU husoma ndipo isogeze alama ya mwanzo. Mpangilio huo ukivurugika, ni kama karani wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba aliyeandika gunia la dagaa limeshuka, kumbe bado limo mtumbwini. Tena QEMU lazima imalize foleni kabla ya kujibu ombi jingine la kifaa hicho, la sivyo kusoma kutatangulia kuandika. Mwaka 2019 ikabainika kwamba kerneli iliziamini mno alama hizo (hitilafu ya usalama CVE-2019-14821): programu yenye ruhusa ya /dev/kvm, faili ya kuifikia KVM, iliweza kuzichafua, kerneli ikaandika nje ya ukurasa. Ndiyo maana nashikilia kwamba hali ya kifaa iwe na mwenyewe mmoja, na vinavyotumiwa kwa pamoja viwe vichache.

Virtio, aina ya vifaa vilivyobuniwa mahsusi kwa mashine pepe, ikiwa na vhost-net, mhudumu wake wa mtandao ndani ya kerneli, inakaribia hapo. Mashine pepe hugonga rejista moja tu. Ioeventfd huigeuza kuwa ishara humohumo ndani ya kerneli, vhost-net huhudumia pakiti, irqfd hurudisha katizo, yaani ishara ya kuiita CPU pepe. Kufuli kubwa haliguswi. Badilisha aina ya kadi iwe virtio, kisha linganisha hesabu ya mmio (maombi ya rejista za vifaa) kwenye kvm_stat, zana ya takwimu za KVM, kabla na baada. Ukibadilisha na diski za Windows ziwe virtio, sakinisha kiendeshi chake kwanza, maana bila hicho haitawaka.

Kwenye umeme ndiko wengi huteleza. UPS ikitoa ishara ya kuzima, huduma ya libvirt-guests yenye mpangilio ON_SHUTDOWN=suspend huhifadhi kila mashine diskini. RAM ya GB 8 kwa diski ya MB 150 kwa sekunde ni karibu dakika moja. Mashine tatu, dakika tatu, na betri lazima ivumilie zote.

Anayeandika zana yake mwenyewe ya kuhifadhi mashine asiridhike kwa kusimamisha CPU pepe tu. Ombi la kifaa lililojibiwa na programu ya nje halijakamilika hadi KVM_RUN, wito wa kuendesha CPU pepe, iitwe tena, na swichi ya immediate_exit ikiwashwa ili CPU isiendelee. Akihifadhi kabla ya hapo, mashine ikiamka itarudia ombi lilelile. Rejista ya ICR ya e1000, inayoonyesha sababu ya katizo, hujifuta inaposomwa, kwa hiyo usomaji wa pili utakuta sifuri, sababu ya katizo ipotee, na mtandao uweze kukwama bila ujumbe wowote wa hitilafu kwenye kumbukumbu za mfumo.