Video ya ukumbini na swali tulilomuuliza mtoto

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 15, alikataa kwenda skuli siku tatu mfululizo kwa kisingizio cha kuumwa kichwa. Siku ya nne mama yake alipomkalia kitako, aliitoa simu chini ya mto akamwonesha stika ya WhatsApp: ni yeye mwenyewe, anacheza, mtandio umemwangukia mabegani, na juu yake limeandikwa neno ambalo siwezi kulirudia hapa. Ilikuwa ikizunguka katika grupu la darasa lao tangu Ijumaa.

Picha ile ilitoka katika shughuli ya harusi hapa Wete, Pemba, ukumbini, wanawake watupu, mahali ambapo tangu zama za bibi zetu mtoto wa kike hucheza bila ya hofu kwa kuwa anajua hakuna jicho la nje. Aliyerikodi hakuwa mtoto. Alikuwa mwanamke mzima, mwenye mabinti zake, akaiweka video kwenye status. Status hukaa saa 24 tu, lakini zilimtosha mwanafunzi mmoja kukata kipande na kukigeuza stika, ambayo sasa hata aliyeitengeneza hawezi kuifuta katika simu za wenzake walioihifadhi.

Kilichonichoma zaidi ni sisi. Baba yake, jirani aliyekuja kutupa pole, na mimi pia, sote tulianza na swali moja: "Na wewe nawe, ilikuwaje ukapigwa picha huna mtandio?" Hakuna aliyemuuliza amelala vipi siku zile, wala nani aliyemrikodi. Mtoto akishaulizwa hivyo mara moja, huelewa kwamba akirudi nyumbani na jeraha ataongezewa jengine, na mara ya pili hasemi. Tukimwona hali chakula, tunasema ni ujana.

Kaka yangu alimnyang'anya simu. Mtoto akatoka kwenye grupu, stika ikabaki. Tukafikiria kumpeleka Unguja kwa mama yake mdogo, kama zamani mtoto alipoharibikiwa na skuli moja akahamishiwa nyengine, tukakuta binamu zake wa huko wameshaipata.

Nakubali kwamba simu hiyohiyo ndiyo anayopokelea masomo ya ziada, na kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeufanya unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa la jinai. Lakini sitaki watoto wale wafungwe, maana walichofanya wamekiona kwetu. Ninachokitaka ni kwamba tunaoandaa shughuli tukusanye simu mlangoni, na mwanamke anayerikodi mtoto wa mwenziwe akatazwe palepale, mbele ya watu, hata kama ni ndugu wa bibi harusi.

"Shangazi," aliniambia juzi, "tulikuwemo 43 mule grupuni, na hata mmoja hakusema basi."

Nilimwomba radhi kwa swali lile. Alinyamaza, akaendelea kukunja nguo. Jumamosi hii tuna harusi nyengine, na yeye amesema atabaki nyumbani kuwaangalia wadogo zake. Sare yake ya harusi imeshashonwa, imetundikwa kabatini.